Ziara ya Mwisho ya Baba Mkwe

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la fulana ambazo sijui nizigawe, nizichome moto, au nizivae zote kwa pamoja nijitose mtoni, na naomba unisaidie upesi kwa sababu mke wangu ameondoka, ukoo wake umenihukumu, na mtu pekee anayejua ukweli wa mambo anakunywa chai na kunitazama kama abiria tuliyekutana naye stendi.

Kwanza unijue. Mimi ni mchapaji wa fulana, na pia ni mpiga dramu wa bendi ya roki inayoitwa Radi Kavu, na nikisema bendi ya roki usidhani ni watu wa maana, tuko watatu tu, mwimbaji wetu tunamwita King'ora kwa sababu ya sauti yake, mpiga gitaa tunamwita Waya kwa sababu ya umbo lake, na tumepiga muziki miaka mingi bila kusumbuliwa na mashabiki. Shabiki wa kweli tulikuwa naye mmoja, dereva wa lori, mzee mwenye kipara aliyekuwa anasimama mbele kabisa akitikisa kichwa kama vile ana nywele, naye akafa. Watoto wake wakanifuata karakana, wakaomba niwachapie fulana za msiba zenye picha ya baba yao na nembo yetu, ambayo ni fuvu lililovaa miwani ya jua, kwa kuwa mzee ndivyo alivyousia. Nikachapa. Siku ya mazishi watu wakaziona, wakazishikashika, wakauliza zinapatikana wapi, na tangu siku hiyo, Shangazi, hatujapumzika.

Kumbe watu walikuwa wamechoka kuzikana kwa riboni za zambarau na hawana wa kumwambia. Leo tuna fulana za msiba, kofia za msiba, leso za kufutia machozi zenye fuvu kwenye pembe, mishumaa, vikombe vya kumbukumbu, hata stika za kubandika kwenye jeneza, vyote vina nembo ya Radi Kavu, na wanaovinunua hawajawahi kusikia wimbo wetu hata mmoja. Kuna bibi alikuja kuchukua mishumaa yake akanisifu, "Kampuni yenu ya mazishi inajua kazi." Nikamwambia, bibi, sisi ni wanamuziki. Akanishika bega kwa huruma, akasema, "Usikate tamaa, mwanangu."

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na karakana tunatumia moja, yeye yuko mbele dirishani penye mwanga, mimi niko nyuma na fremu zangu na wino wangu na kamba za kuanikia. Biashara hii hajawahi kuipenda lakini hakuwahi kuizuia, isipokuwa siku baba yake alipofariki, aliponiita, macho yamevimba, akaniambia, "Mume wangu, chapa kila anayekufa duniani. Baba yangu usimguse." Nikamwambia sawa. Na kweli sikumgusa, alizikwa kwa suti ya kijivu na hotuba ndefu, King'ora na Waya walikaa nyuma kabisa wamevaa mashati meupe kama wahudumu wa hoteli.

Marehemu baba mkwe alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na ukaguzi haukumtoka hata baada ya kustaafu, alikuwa anakagua kucha za wageni. Siku niliyokwenda kuposa aliniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikasema, napiga dramu, mzee. Akasema, "Nimekuuliza kazi." Kuanzia hapo hadi anaingia kaburini jina langu lilikuwa Mpiga Makopo. Lakini binti yake alimpenda mpaka basi, kwake yeye yule mzee alikuwa kama mnara wa saa, unauangalia kwa mbali kujua kama umechelewa.

Sasa msikilize huyu mama mkwe wangu. Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia alikuja karakana mchana mmoja, mke wangu akiwa amekwenda kupeleka sare shuleni, na nikaja kufahamu baadaye kwamba alisubiri kwa kinyozi wa mlango wa pili mpaka akamwona binti yake ametoka. Nikamwamkia, nikampa kiti, akakikataa, akaketi juu ya ndoo ya wino.

"Mwanangu," akasema, "nataka fulana za baba yako."

Nikamwambia, mama, hilo siliwezi, mwenye baba yake amekataa.

"Mwenye mume wake amekubali," akasema. Ndipo akanisimulia.

Anasema mwaka ule wa mwisho, walipokuwa wanahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, siku moja wakiwa ndani ya gari la wagonjwa, mzee amelala chali na chupa ya maji inaning'inia juu yake, alimgeukia akamwambia, "Mama watoto, yule mkwe wetu na wenzake wanajiita wanamuziki, na hawajawahi kutoka nje ya mtaa wao. Mimi mwaka huu nimezunguka hospitali nne, na kila ninapofika napokelewa kwa machela. Sasa nani yuko kwenye ziara?" Wakacheka. Anasema walicheka mpaka wakafika wodini wanacheka, mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. "Mwanangu," mama mkwe akaniambia, "yule mzee amenyamazisha watu maisha yake yote. Siku ile alinyamazishwa yeye, akafurahi kama mtoto."

Basi ikawa ndio mchezo wao. Akihamishwa wodi, onyesho jipya. Daktari akichelewa, jukwaa halijawa tayari. Na mwishoni kabisa akamuusia, "Nikiondoka, mwambie Mpiga Makopo anichapie ziara yangu. Mbele aweke ule mfupa wao wenye miwani. Lakini binti yangu asijue mpaka siku yenyewe. Yule ananiona mimi mnara, na mnara hautanii watu ukiwa umevalishwa mpira wa mkojo."

Mimi hapo machozi yananilenga, Shangazi, maana sikujua kama yule mzee aliwahi kuniwaza hata dakika moja. Mama mkwe akaniapisha. Akasema siku ya kumbukumbu atasimama yeye mwenyewe mbele ya watu aeleze yote, mimi kazi yangu ni kuchapa na kufunga mdomo. Nikaapa.

Nikachapa kwa roho yangu yote. Mbele fuvu na miwani, juu yake maneno ZIARA YA MWISHO, na nyuma, kama zile fulana za bendi kubwa zinazoonyesha miji watakayopiga, nikapanga: Zahanati ya Mtaa, uzinduzi. Hospitali ya Wilaya, tiketi zimekwisha. Hospitali ya Masista, bila vyombo vya umeme. Hospitali Kuu, maonyesho mawili kwa ombi la madaktari. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la bendi na namba ya simu ya karakana, kama tunavyoweka kwenye bidhaa zetu zote. Zilipokauka nikazificha kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, nikaona hapo hapaguswi.

Mke wangu akatafuta kipande cha kitambaa cha bluu cha kuzibia mfuko wa kaptula.

Niligeuka nikamkuta ameishika moja, anasoma mgongo wa fulana kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akafika chini. Akaniuliza, "Huyu ni baba yangu?" Angepiga kelele ningejua la kufanya, lakini aliikunja ile fulana vizuri kabisa, mikono ndani, kola juu, kama anavyokunja kazi ya mteja, akaiweka mezani, akachukua mkoba wake akaenda kwa dada yake, na hajarudi.

Nikaitwa kwa wakwe. Kikao kiliongozwa na baba mdogo wa mke wangu, mtu ambaye hata akiomba chumvi anaanza na "ndugu zangu mliohudhuria". Fulana ikatandikwa juu ya meza kama maiti inayofanyiwa uchunguzi. Baba mdogo akasema nimemfanya kaka yake kichekesho, nimefanya biashara kwenye mateso yake, na nisionekane kwenye kumbukumbu. Mke wangu alikuwa ameinama. Mimi nikamtazama mama mkwe, nikamtazama tena, nikakohoa, nikamtazama kwa namna ambayo hata kipofu angeelewa, na yeye, Shangazi, akanyanyua kikombe chake cha chai akakitia mdomoni na hakukitoa mpaka kikao kikafungwa. Natoka mlangoni nimejiinamia, baba mdogo akanivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna saizi ya mtu mwenye kitambi.

Kesho yake simu ikaita. Mama mkwe. Nikadhani anaomba radhi. Akauliza, "Fulana zimekunjwa?" Nikamwambia, mama, umeniacha nimezama mbele ya macho yako. Akasema, "Ningefanyaje, nilikuwa na chai mdomoni. Halafu ningesema pale, shemeji yangu angezipiga marufuku. Siku yenyewe hataweza. Vumilia, mwanangu, wewe ni mwanaume." Akakata.

Nivumilie nini? Mke wangu hapokei simu yangu. Cherehani yake iko pale dirishani imefunikwa kitambaa na mimi nafanya kazi nimeipa mgongo. Nikisema ukweli nitakuwa nimevunja kiapo, nimemuumbua mama mkwe mbele ya watoto wake, na nimeharibu wosia wa marehemu, na pengine nisiaminiwe vilevile, maana nani ataamini kwamba yule mzee alitania? Nikinyamaza nampoteza mke kwa kosa ambalo si langu. Nifanye nini, Shangazi? Mimi sina hatia.

Ni mimi,
Mpiga Dramu


SHANGAZI ANAJIBU

Mpiga Makopo,

Naona nikuite hilo jina alilokupa marehemu, maana huyo mzee nimempenda.

Pole, baba. Kusimamishwa mbele ya wakwe kwa jambo ulilotumwa, na aliyekutuma yupo pale anapuliza chai, hilo ni chungu na nakuhurumia. Huruma yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Kwa nini uliapa? Mkeo alikuwekea sharti moja tu katika ndoa nzima. Wanaume wengine wamewekewa kumi na wanayashika. Mtu akikuletea siri inayomhusu mkeo, hata awe mama yake mzazi, unamwambia kwa adabu, "Mama, mimi na binti yako tunalalia mto mmoja, ukiniambia mimi umemwambia na yeye." Akitaka, aseme. Hataki, aende na siri yake salama. Wewe ulisikia kwamba mzee aliwahi kukuwaza, ukalainika kama mshumaa, ukaapa. Kisha ukaenda kuificha siri ya fundi cherehani kwenye gunia la vitambaa vya fundi cherehani. Hata panya hajifichi kwenye bakuli la paka.

Halafu unamaliza barua kwa kusema huna hatia. Mwanangu, kuna sentensi umeipitisha haraka sana, kama mtoto anayesukuma sahani chafu chini ya kitanda. Namba ya simu. Utani ni wa marehemu, sawa. Fuvu alilitaka mwenyewe, sawa. Ziara ni yake, kaisafiri kwa mgongo wake. Namba ya simu ya karakana aliiusia nani? Umesema mkeo alisoma mstari kwa mstari mpaka akafika chini, ndipo akauliza kama huyu ni baba yake. Alichokikuta chini ni tangazo. Kwa hilo moja baba mdogo, pamoja na hotuba zake zote, alisema kweli, na ukweli hauharibiki kwa kusemwa na mtu mwenye kitambi anayetaka fulana ya bure.

Kwa hiyo una hatia. Ni ndogo, lakini ni yako, anza nayo hiyo.

Sasa mkeo. Wewe unafikiri siku akijua ukweli atacheka, akukumbatie, mambo yaishe. Thubutu! Jiandae, atalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Sasa hivi anadhani mumewe kamdhihaki baba yake, hayo ni maumivu ya kawaida, yana mtu wa kumkasirikia. Ukimwambia ukweli atajua kwamba baba yake alikuwa na kicheko, alikuwa nacho siku zote za ugonjwa, na yeye hakugawiwa hata kidogo. Alikuwa akiingia wodini, kicheko kinafichwa chini ya mto. Hilo linauma, tena halina wa kumlaumu, aliyelifanya yuko kaburini na alilifanya kwa mapenzi. Ndiyo maana nakuambia usiende kwake kama wakili aliyeshinda kesi. Ukithubutu kusema "umeona sasa?" mimi mwenyewe nitaandika barua kumshauri abaki kwa dada yake.

Na wewe mama mkwe, mama mwenzangu, najua unasoma ukurasa huu, kila mtu mwenye siri anausoma. Chai haikai mdomoni kikao kizima. Hukumwogopa shemeji yako. Ulimwogopa binti yako asikuulize kwa nini mlicheka bila yeye. Ukamtoa mkwe kafara ili usiulizwe. Mtoto wa mwenzio ni mwanao, mama, wala si ngao ya kujikingia.

Fanya hivi. Usipige simu, nenda kwa mama mkwe kwa miguu yako, leo. Mwambie, "Mama, kesho namwambia mke wangu kila kitu. Twende wote useme mwenyewe, au niende peke yangu niseme vibaya." Usikubali chai. Hata ikichemka, usikubali. Mkifika kwa binti, mwache mama aongee, wewe kazi yako ni kuomba radhi kwa ile namba ya simu na kunyamaza. Baba mdogo asihusishwe, wala shangazi, wala mashemeji, hii si kesi ya ukoo, ni ya watu watatu na marehemu. Mkeo akitaka kukaa kimya wiki nzima, kaa naye kimya, usimpigie dramu. Na akisema fulana zisivaliwe, zisivaliwe. Mzee aliusia, ndiyo, lakini fulana inavaliwa na aliye hai.

Nenda.


SHANGAZI TENA

Wasomaji wangu mnaonisimamisha hadi sokoni mkitaka kujua ya mpiga dramu, haya, kaandika. Nawapa kama ilivyo.

Shangazi,

Nilikwenda. Alinikaribisha chai, nikakataa, akajua mambo yameharibika, akachukua mtandio wake.

Tulimkuta mke wangu kwa dada yake anatia vifungo. Mama akasema yote, gari la wagonjwa, machela, nesi aliyewanyamazisha, jukwaa ambalo halijawa tayari. Mke wangu hakucheka. Akauliza, "Mlikuwa mnacheka mara nyingi?" Mama akasema, "Karibu kila wodi." Mke wangu akasema, "Mimi nilipokuwa naingia alikuwa anafunga vifungo vya pajama mpaka shingoni. Ananiuliza kama nimechelewa kazini." Kisha akageukia ukutani, akalia, sikuwahi kumwona analia vile. Ilikuwa kama ulivyosema. Niliomba radhi kwa ile namba, nikanyamaza, nikaondoka.

Akakaa siku kadhaa. Mimi nikawa nafuta namba kwenye fulana moja moja kwa kitambaa na dawa, na mama mkwe akawa anakuja kila siku kunisaidia kukunja, nadhani ndiyo toba yake, ingawa anakunja vibaya. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, mke wangu akaingia, akaondoa kitambaa juu ya cherehani, akakaa kama mtu aliyetoka dukani kununua uzi. Akanyoosha mkono, akachukua fulana moja kwenye rundo, akaisoma tena mgongoni. Akasema, "Imepungua moja."

Nikasema, imepungua nini?

"Sehemu. Mmemruka daktari wa meno."

Mama mkwe akaacha kukunja. "Daktari gani wa meno? Baba yenu hakuwahi kuumwa jino."

Mke wangu akauma mdomo, nikaona anapigana na nafsi yake. Kisha akasema. Kumbe kabla ya ugonjwa kuzidi, baba yake alikuja siku moja hapa hapa karakana, mimi nikiwa sipo, ameziba mdomo kwa leso. Alikuwa ameng'ata kalamu akisoma gazeti, jino la mbele likavunjika, na hakutaka kurudi nyumbani bila jino. Mke wangu akampeleka, likawekwa la bandia, na mzee akamwapisha njiani. "Mama yako aliolewa na mtu mwenye meno yake," alimwambia, "usimharibie."

Mama mkwe akaketi juu ya ndoo ya wino. Akawaza. Tukaona uso unabadilika kidogo kidogo.

"Ni ile jioni aliyorudi hanisemeshi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Amekunja midomo, nikimuuliza anatikisa kichwa?"

"Ilikuwa ganzi, mama. Hakuweza kuongea."

"Ganzi!" Mama mkwe akasimama, fulana zikaanguka. "Mimi nikajua kanuna! Nikajua kuna kitu kakigundua! Nikamwomba radhi, mwanangu, nikamwomba radhi mpaka nikapiga magoti, nikaungama mambo ambayo hata hakuwa anayajua, na yeye ananiitikia kwa mkono!"

"Mambo gani, mama?"

"Hayakuhusu!"

Hapo ndipo mke wangu alipocheka. Alicheka akaishika cherehani isianguke, akacheka mpaka kinyozi wa mlango wa pili akaja mlangoni na mkasi wake kuuliza kuna nini, na mama yake amesimama katikati ya karakana anarudia, "Ganzi! Kwa mkono!" na akitaka kununa hawezi.

Mke wangu amerudi nyumbani. Namba imefutwa. Fulana zitavaliwa, baba mdogo nimemchapia saizi yake na amesema ataitolea hotuba. Tatizo lililobaki ni moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie tena. Mke wangu anataka nimwongeze daktari wa meno kwenye ziara. Mama mkwe anasema nikimwongeza hataivaa, watu watauliza, na hataki maswali. Nimsikilize nani?

Mpiga Dramu


Mpiga Makopo,

Unaniuliza swali ambalo kulijibu vibaya kumekupeleka kulala peke yako mara moja tayari. Msikilize mkeo. Chapa daktari wa meno, andika "onyesho la siri", na umweke juu ya Hospitali Kuu, mahali panaposomeka. Mama mkwe akikataa kuivaa, mwambie Shangazi anamsalimu sana, na anauliza jioni ile aliungama nini.